Betri Kwenye Uchaga wa Mbegu

Kwa miaka kumi na minne sikuwa nimewahi kumshika mama mkwe wangu mkono. Siku nilipoushika ulikuwa umeungua, na aliyeuunguza ni mimi.

Nieleze mapema, asije mtu akadhani natia chumvi. Kwa watu wa mke wangu, upande wa Sirisia, mwanamume na mama wa mke wake hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawaangaliani machoni. Ukimwona anakuja njiani unasogea kando na kuangalia nyasi mpaka apite. Jikoni mwake huingii. Paa la nyumba yake hulipandi. Kukiwa na neno la lazima, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama nyote mmesimama uani na mnasikiana vizuri kabisa. Mimi nimekulia Kitale, mtaani Tuwan, tukiwa watu wa kila kabila tunaopigiana kelele dirishani, na mwanzoni niliona hayo yote ni mzigo wa bure. Baadaye nikayazoea, hata nikayapenda. Nilijiambia kwamba mtu usiyemkaribia huwezi kumkosea.

Kazi yangu ni dari na makabati ya jikoni. Zamani nilitembea na waya mrefu wa stima begani, na stima ikipotea kazi inalala, mimi na mwenye nyumba tunabaki kuangaliana. Kisha nikahamia kwenye mashine za betri. Aliyenihamisha ni mzee mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi mjini Bungoma, jirani na msikiti. Niliingia dukani kwake nikiwa nimeshachagua drili kwa macho, kubwa, ya rangi ya kung'aa. Akaniacha niishike, nijipime nayo kama mtu anayejaribu koti, halafu akaninyang'anya.

"Fundi, wewe unaangalia mashine," akasema. "Angalia betri. Betri ndiyo unaoa. Mashine ni mashemeji tu, watakuja wenyewe."

Maana yake ilikuwa hii: drili, msumeno na grainda za kampuni moja hutumia betri moja, kwa hiyo siku unayochagua betri umechagua kila kitu utakachonunua baadaye. Akaniuliza kazi yangu ni ya wapi. Nikamwambia ni ya juu, mikono ikiwa imeinuliwa kutwa. Akanipa drili ndogo na betri nyembamba, akasema mashine kubwa juu ya kichwa ni ya watu wanaotaka kwenda hospitali. Kisha akaniwekea betri mbili viganjani, moja kulia, moja kushoto, zinafanana kama mapacha.

"Gani nzito?"

"Hii ya kulia."

"Hiyo ya kushoto ni kopi. Ndani iko na hewa na uongo. Mimi naiweka hapa ya kuonyesha watu, siuzi."

Kabla sijaondoka alinisomea masharti yake. Mashine ikianza kuvuta pole, toa betri, usiikamue mpaka ife. Ikitoka kazini ikiwa moto, iache ipoe kabla ya kuiweka kwa chaja. Usiiache juani juu ya mabati. Usipokuwa na kazi nayo, ihifadhi ikiwa nusu, si tupu wala si imejaa pomoni. Na la mwisho alilisema akiwa ameninyooshea kidole: "Ikianguka, usiiamini tena. Weka nje, mbali na nyumba. Ikivimba, ama ipate joto bila kazi, hiyo si betri tena, fundi. Hiyo ni moto inangojea."

Nilivyopokea maneno yale, utadhani nilikuwa nimetumwa kuyahubiri. Kila penye kazi niliyarudia. Kule Saboti, karibu na Kitale, niliwahi kumfokea mwashi aliyeweka betri yangu juu ya bati saa saba mchana, nikamfokea mpaka akaniuliza, "Kwani hii ni kifungua mimba wako?" Mafundi wenzangu wakanibandika jina, daktari wa betri. Nilijifanya kukasirika. Moyoni nilijaa kama pishi.

Sasa nitasema lile ambalo daktari hakuwaambia watu.

Tukiwa kwenye kazi hiyo hiyo ya Saboti, betri yangu moja ilizeeka ghafla, na kwenda Bungoma kwa mzee kungenipotezea siku nzima. Nikashuka Kitale, nikanunua kwa mchuuzi anayepanga bidhaa zake kwenye turubai. Ilikuwa na rangi ile ile na maandishi yale yale. Niliipima kiganjani ikawa nyepesi. Kiganja changu kilijua, tena kilijua papo hapo. Nikainunua hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye ikaponyoka jukwaani ikaanguka kwenye saruji, pembe ikapasuka. Niliizungushia tepu nyeusi ya mafundi wa stima na ikaendelea kufanya kazi, ila ilikuwa na tabia ya kupata joto hata ikiwa imekaa tu, kama mtu mwenye homa isiyosemwa. Nikajiambia nitaitupa kazi ile ikiisha. Kazi ikaisha, nyingine ikaanza, na tepu ikaendelea kung'aa kwa mafuta ya mikono yangu.

Mwaka huo mke wangu na ndugu zake walimjengea mama yao nyumba mpya, vyumba vitatu, mabati mapya, upande wa pili wa ua kutoka jikoni mwake. Paa liliezekwa na watu wengine kwa sababu mimi siruhusiwi kulipanda. Fungu langu likawa dari, tena kwa sharti: imalizike kabla mama hajalala humo. Akishalala, nyumba ni yake, na mguu wangu hauvuki sebule. Watu wa kanisa walikuwa wamepanga kuja kuiombea Jumamosi, na jioni hiyo mama angehamia. Mimi nilianza Jumanne.

Stima ilikuwa haijafika boma lile, nguzo zimeishia barabarani. Nilibeba betri tatu, mbili nzima na ile ya tepu. Mkwe halali ukweni, kwa hiyo kila jioni nilirudi Bungoma kwenye chumba cha kukodi, nikiwa na betri iliyoisha ili niichaji. Mke wangu alikaa nami siku ya kwanza, kisha akarudi Tuwan kwa watoto. Nikabaki mimi, nyundo, na mama mkwe ng'ambo ya ua. Kila asubuhi nilikuta chupa ya chai imewekwa juu ya kiti nje ya nyumba mpya, na kikombe kimefunikwa sahani. Sikumwona akiiweka hata mara moja. Ndivyo tulivyosalimiana.

Jumatano jioni niliacha betri mbili kwenye boksi sakafuni, nzima moja na ile ya tepu, nikaondoka. Sijafika mbali mvua ya baridi ikaanza kushuka kutoka mlimani. Nikiwa Bungoma nikakumbuka kwamba madirisha ya nyumba mpya hayajawekwa vioo. Nikampigia mke wangu, kwa maana mama mkwe sikuweza kumpigia, hata namba yake sina.

"Mwambie mama betri zangu zisipate baridi wala maji. Mwambie hiyo ndiyo kazi yangu yote."

"Kwani hukuzibeba?"

"Wewe mwambie tu."

Simu ikatoka Bungoma ikaenda Kitale, ikarudi Sirisia. Hapo ndipo ningesema kwamba moja ni mgonjwa, ile yenye tepu, ikae nje peke yake. Nusu dakika ingetosha. Lakini mke wangu ananijua kama daktari wa betri, na nilimsikia kichwani tayari akicheka. Nikanyamaza. Nililala usingizi mzuri sana usiku huo, na hilo hunishangaza hadi leo.

Alhamisi asubuhi nilifika uani, nikainama kidogo kuelekea jikoni kama nilivyozoea, nikaingia nyumba mpya. Boksi lilikuwa tupu. Kwanza nilidhani nimeibiwa, damu ikanipanda. Nikampigia mke wangu.

"Betri ziko wapi?"

"Ngoja nimuulize."

Nikangoja. Kupitia dirisha lisilo na kioo nilisikia simu ya mama ikilia jikoni, hatua kama kumi na tano kutoka niliposimama. Nikamsikia akipokea, akicheka kidogo, akieleza jambo kwa lugha yao. Kisha simu yangu ikalia.

"Anasema usijali, ameziweka pahali pazuri. Amezifunga kila moja na leso yake, ziko kwa mbegu."

"Mbegu gani?"

"Si mbegu ya mahindi. Kwa uchaga."

Asiyejua jikoni za huku nimwambie. Mahindi ya mbegu, yale mazuri kuliko yote, yanafungwa kwa maganda yake na kupangwa kwenye uchaga wa miti juu ya mafiga. Moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza ukungu. Kila kingine ndani ya boma kinaweza kulowa au kuibiwa, lakini mbegu iko juu ya moto, na mama analala ametulia. Alikuwa ameambiwa kuna kitu kisichotakiwa kupata baridi wala maji, na kwamba ndicho kazi yote ya mkwe wake. Akakiweka mahali pa juu kabisa penye heshima anapopajua.

Kwenye paa la jikoni moshi ulikuwa unatoka kwa raha, moshi wa uji. Mama alikuwa mle ndani. Nikatoka mpaka katikati ya ua nikasimama, na hapo nikafanya kitu ambacho nikikikumbuka nataka kujipiga kofi. Badala ya kuita nilitoa simu.

"Mwambie azitoe! Hapana, mwambie asiziguse! Mwambie atoke nje!"

"Nimwambie nini sasa? Atoe ama asiguse?"

"Atoke!"

Akakata ili ampigie. Nikasimama pale, mtu mzima mwenye ndevu, nikiangalia mlango ulio wazi, nikingoja Kitale imwambie mama kitu ambacho angekisikia kama ningefungua mdomo. Nikasikia simu yake ikilia. Juu ya mlio ule nikasikia mwingine, kama sufuria ya maji inayomwagikia makaa, ila haukuisha, ulizidi. Kisha pakalia paa! na mama akapiga ukemi.

Sikumbuki kuvuka ua. Nakumbuka giza la ndani, harufu kali tamu ya plastiki iliyonishika kooni, na mahindi yenye maganda yakianza kushika moto juu ya uchaga. Mama mkwe alikuwa amesimama chini yake. Kwa mkono wa kushoto ameikumbatia kifuani ile betri nzima, imo bado ndani ya leso. Mkono wa kulia ameunyoosha juu, ndani ya ule moto, anaitafuta ile nyingine. Alikuwa anarudia kuitafuta. Niliona vidole vyake vikiikamata na tepu ikinata.

Nikamshika. Nilimshika mkono juu ya kifundo, nikaukung'uta ile takataka ikaanguka, nikamzungushia mkono wangu mwingine kiunoni na kumburura nje kama gunia. Alikuwa mwepesi mno. Nikarudi, nikaipiga ile betri kwa jembe mpaka ikatoka mlangoni, nikaimwagia udongo, nikauangusha uchaga mzima na kuukanyaga. Nyasi za paa zilikuwa zimelowa mvua, ndizo zilizotuokoa.

Shangazi wa mke wangu, anayekaa boma la pili, alifika mbio na ndoo ya maji. Akaona moshi. Akaona mama amekaa chini matopeni. Halafu akaniona mimi nimepiga magoti mbele yake nimeushika ule mkono, naupulizia kama mtoto. Ndoo ikamdondoka.

"Wewe! Unashika nani?"

Jamani. Jiko linawaka, mkono wa mtu umebabuka, na shangazi ameshtushwa na mimi! Lakini nilipoangalia chini nami nikashtuka. Niliuachia kama mtu aliyekamatwa nao akiiba.

Mama mkwe aligeuza uso pembeni. Alimpa shangazi ile leso kwa mkono mzima na kusema, mimi nikiwa karibu nao kiasi cha kusikia akipumua:

"Mwambie nimeokoa moja. Hiyo ingine imenishinda."

Walimpeleka zahanati kwa pikipiki, shangazi akiwa amemshikilia kwa nyuma. Mimi nikabaki nazoa mahindi. Yaliyoungua yalinukia vizuri, kama ya kuchoma barabarani, na harufu ile ilinitia aibu kuliko moshi wote. Maombi ya Jumamosi yakaahirishwa. Dari niliimaliza siku mbili baadaye kwa bisibisi, skrubu moja moja, mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Betri aliyoiokoa ilikuwa pale, imejaa, nzima kabisa. Sikuweza kuitia kwenye mashine.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baada ya hapo. Kila mtu alimlaumu mama. Walimlaumu kwa upole, kwa kucheka, jinsi watu wazima wanavyowacheka wazazi wao. Shemeji zangu walipiga simu: ati mama naye, nani anaanika betri kama mahindi? Mke wangu alimkemea, kisha akalia, kisha akamkemea tena. Shangazi alitangaza kwamba nimevuka mpaka na lazima nilete blanketi na kuku ili mambo yarudi mahali pake, lakini hata yeye alisema, "Huyu kijana ameokoa mtu." Nilipongezwa! Watu walinipa mkono kanisani. Nami niliupokea kila mkono, nikatingisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Jumatatu mke wangu alirudi kutoka kumwona. "Mama anaomba umsamehe," akaniambia. "Anasema hakujua. Anasema atauza jogoo akurudishie betri."

Nilikuwa nakula. Nikauacha ugali, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo cha jirani nikalia kwa sauti, na kama kuna mtu wa Tuwan alinisikia, basi alisikia.

Wiki iliyofuata tulienda, mimi na mke wangu, na blanketi na kuku. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake nje ya jikoni, ametugeuzia mgongo jinsi inavyotakiwa, mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kiwiko. Vidole viwili muuguzi alikuwa amesema havitakunjika tena vizuri. Ni mkono wa jembe huo, na wa mwiko. Mke wangu alikaa katikati yetu, mpitisha maneno. Akapeleka blanketi. Akapeleka kuku. Mama akashukuru kwa kichwa.

"Mwambie mama," nikasema, "kwamba sikuja na hivi tu."

"Anasema hakuja na hivi tu."

"Mwambie ile betri iliyoungua ilikuwa mbovu tangu zamani. Ilianguka Saboti ikapasuka. Ilikuwa inapata joto yenyewe. Hata angeiweka kabatini ingekuja kuwaka siku moja. Makosa si ya mama."

Mke wangu hakupitisha. Alinigeukia polepole.

Kuku alikuwa anahangaika na kamba mguuni. Mama mkwe alinyoosha mgongo. Kisha akamwambia binti yake, bila kugeuka:

"Muulize kama alijua."

Mke wangu akafungua mdomo ili aniulize. Sikumngoja.

"Nilijua, mama."

Yule mama akainuka. Akaushika mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto, na ule wa bendeji akautegemeza chini ya kikalio cha kiti, akakiinua, akakigeuza chote na kukiweka chini kuelekea kwangu. Mke wangu akasema "Mama!" kwa sauti ndogo. Mama hakumsikiliza. Alikaa, akauweka mkono wake mbovu magotini, akaniangalia.

Miaka kumi na minne sikuwa nimeyaona macho yale. Ni ya mke wangu, yale yale, siku anapojua nimemdanganya na anangoja niseme mwenyewe. Nami nilishasema. Aliendelea kuniangalia.